Saba Mara Nane kwa Kiesperanto

Jumatatu, 7 Mei 1956

Habari mbaya kabla sijamaliza chai. Padri Mkaguzi anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, mkesha wa Pentekoste. Anakuja kuchagua mtu. Shule mpya inafunguliwa Minembwe, juu kabisa kwenye nyanda, na lazima mmoja wetu apande: ama mimi Raphaël, mwalimu wa darasa la nne, ama Placide wa darasa la tano. Mwingine atabaki hapa Baraka.

Minembwe! Baridi, ukungu, ng'ombe. Hakuna ziwa. Hakuna wale samaki wetu, mikebuka, wa kukaanga. Na zaidi ya yote, hakuna Godelieve.

Godelieve anauza samaki sokoni. Nampenda. Haya, nimeandika. Yeye hajui, ingawa watu wengine wote wa Baraka wanajua, pamoja na mbwa wao.

Mkaguzi akichagua kwa Kifaransa, nimekwisha. Kifaransa cha Placide kinateleza. Changu kinajikwaa kila mlango. Lakini mimi nina jicho! Mwaka jana Padri alipokuja niliona kwenye koti lake nyota ndogo ya kijani. Placide hakuiona, alikuwa ameinama akisalimu. Na nyota ileile iko kwenye jalada la kijitabu nilichopewa Fizi na karani aliyekuwa anahama. Ni kijitabu cha Kiesperanto, lugha ambayo mtu alikaa chini akaitunga ili watu wa dunia nzima waelewane. Padri ni mmoja wa wasemaji wake! Nitasimama mbele yake niiseme, naye atanikumbatia, Placide atafungasha.

Tatizo dogo. Mchwa waliingia sandukuni. Kurasa za salamu zimeliwa. Za vitenzi zimeliwa. Kama kulikuwa na kurasa za mapenzi, nazo ziko tumboni mwa mchwa. Imebaki sura moja tu: namna ya kusoma hesabu kwa sauti. Si kitu. Hesabu ni hesabu, na hakuna mtu kutoka hapa hadi Mboko anayeweza kunikosoa.

Jumanne, 8 Mei

Somo la kwanza. Niliandika ubaoni mbili kujumlisha tatu. Nikasoma kwa sauti ya heshima: "Du plus tri estas kvin." Darasa likaangalia mlango. Nikarudia. Wakajibu, "Du pulusi tiri estasi kivini," kwa sauti ya watu wanaosindikiza jeneza.

Nikaenda kwenye kuzidisha, labda kungewaamsha. Saba mara nane: "Sep oble ok estas kvindek ses." Hamsini na sita. Nusu ya darasa ilikuwa imeegemea nusu nyingine.

Upande wa pili wa ukuta wa matete, darasa la Placide lilianza kukariri shairi la Kifaransa. Kwa makusudi! Kwa nguvu! Baadaye Placide akaniuliza, kwa tabasamu lake lile, ni marehemu gani tuliyekuwa tunamwombea. Nilimjibu kwamba ni Kifaransa chake. Hapana, sikumjibu hivyo. Jibu hilo lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Mbele yake nilisema tu, "Ahsante, na wewe pia."

Jumatano, 9 Mei

Nimepata dawa! Na nimeipata mahali ninapopapenda.

Nilikwenda sokoni kununua mikebuka, ingawa wa jana bado wako chunguni, na wa juzi pia. Godelieve akanihesabia. Ni lazima nieleze anavyohesabu. Hahesabu kwa mdomo tu. Anayumba. Mkono unachota samaki, bega linashuka, sauti inapanda na kila samaki, na ukidhani amemaliza, anachukua mmoja mdogo, anampiga juu ya fungu, paa! "Na moja ya matabishi!" Ile nyongeza ya bure. Wanunuzi wote wanacheka, hata wale waliokuja na ugomvi. Hapa kwetu biashara bila matabishi haijafungwa. Mtu atasimama pale mpaka jioni akingoja samaki wake mdogo.

Aliniuliza, "Mwalimu, hii samaki yote unakulaka na nani?" Nikasema nina wageni. Akachungulia nyuma yangu kuwatafuta.

Nimerudi nyumbani nikitembea kwa mwendo wa kuhesabu kwake. Darasa langu halihitaji lugha zaidi. Linahitaji bega la Godelieve.

Alhamisi, 10 Mei. Kupaa kwa Bwana

Hakuna shule. Misa. Padri wa hapa alihubiri juu ya kupanda juu, nami nikaona ananilenga.

Baada ya misa nilijipa moyo nikaenda kwa mzee Alphonse, baba yake Godelieve, seremala wa mitumbwi. Alikuwa ameshika tezo juu ya ubao. Akasema hafanyi kazi siku ya Bwana, anautazama ubao tu. Vipande vya mbao vilikuwa vinaruka kila alipoutazama.

Hakunizungusha. Alijua nimekuja kwa nini. Akasema mwalimu wa Baraka, sawa, watu watakaa wataongea. Mwalimu wa Minembwe, hapana, habari inakwisha hapohapo. "Mama yake alikufa," akasema. "Mi sina mutoto mwingine. We unataka mi nibaki na nani, na mitumbwi?"

 Niliona mikono yake mikubwa imelala juu ya ubao, na nikamhurumia. Nilijihurumia na mimi, kusema kweli zaidi kidogo. Nikanywa maji niliyopewa nikaaga. Kwa hiyo mambo ni wazi: Baraka au basi. Mkaguzi lazima anipende.

Ijumaa, 11 Mei

Ushindi!

Niliwasimamisha wote, nikawaambia wayumbe. Bega chini, sauti juu. "Sep oble ok!" Bega. "Estas kvindek ses!" Bega. Paa! Darasa zima likawaka. Waliokuwa wanalala Jumanne ndio walioongoza. Tukapiga jedwali la saba, tukapiga la nane, vumbi likashuka kutoka kwenye nyasi za paa.

Jambo moja tu. Wimbo ukifika mwisho haukai vizuri, unabaki umening'inia. Wakaongeza wenyewe kile anachoongeza Godelieve, lakini kwa Kiesperanto, maana niliwafundisha kwamba "kaj" ni "na" na "unu" ni "moja." Basi kila hesabu sasa inaishia kwa kofi juu ya dawati na sauti moja: "Kaj unu!" Nimeiacha. Ni pambo tu, na inapendeza.

Wamama waliokuwa wanatoka mashambani walisimama dirishani na mihogo kichwani. Mmoja alianza kuyumba. Placide akaja kulalamika kwamba ukuta unatikisika. Nikamwambia, safari hii papo hapo, ausogeze. Jioni majirani wakauona mwezi, kesho ni Idi. Kila kitu kinaninyookea.

Jumamosi, 12 Mei. Idi

Jirani yangu Bwana Nasoro, mwenye duka, alinialika pilau. Placide alikuwepo, kama kawaida yake. Placide hula Idi zote na Noeli zote, hana ubaguzi.

Kabla ya chakula nilimkuta kwenye kona ya duka amevaa koti zito la sufu. Kwa joto hili la Baraka! Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Akaniuliza kama mikono ya koti ni mirefu mno. Kisha akachagua na blanketi, lile nene kupita yote.

Nilielewa mara moja. Ameshakata tamaa! Amejua atapelekwa Minembwe na anajikinga na baridi. Nilikula sahani mbili.

Bwana Nasoro alinivuta pembeni. Aliniuliza kwa upole ni kwa nini nisimwendee Padri Mkaguzi akifika nikamwambia tu, "Mi napenda kubaki." Nilicheka. Bwana Nasoro ni mtu mwema sana, lakini mambo ya utawala hayauzwi kwa kipimo cha sukari. Mkubwa haambiwi unachotaka. Mkubwa anazungukwa.

Wakati wa kutoka, Placide akanishika mkono. Amesikia kwamba lugha yangu inapendwa na Padri (nani alimwambia? Mimi, nadhani). Akaniomba salamu moja tu, ya heshima. Sasa, salamu zililiwa na mchwa. Na huyu ni mshindani wangu. Nikampa "Naŭcent." Maana yake ni mia tisa. Nikamwambia aiseme polepole na ainame.

Jumatatu, 14 Mei

Nashindwa kuandika sawasawa. 

Nilikwenda kwa Godelieve kununua samaki. Akaanza kuhesabu, bega chini, sauti juu: "Unu, du, tri, kvar, kvin, ses..." Bila kosa! Kumbe njia yake ya kutoka ziwani inapita nyuma ya darasa langu, na wiki nzima amekuwa akipunguza mwendo. Alipomaliza akachagua mmoja, si mdogo, akampiga juu ya fungu. "Kaj unu."

Nilirudi nyuma nikakaribia kukalia kapu la mihogo la mtu. Watu wazima wanaosema lugha hii katika wilaya nzima ya Fizi ni sisi wawili tu. Nilitaka kumwambia neno. Nikaitafuta lugha yote, kutoka mwanzo wa kijitabu mpaka mwisho wake, na sio mbali. Nikasema, "Unu plus unu..."

Akangoja. Samaki mkononi, macho yananiangalia. Jibu nililijua, watoto wa darasa la kwanza wanalijua, lakini halikutoka. Mwisho akasema, "Mwalimu, hesabu inamalizwaka." Nikakubali kwamba ni kweli, nikaondoka haraka. Samaki walinidondokea viatuni njia nzima. Sijawahi kuwa na furaha hivi.

Jumatano, 16 Mei

Placide amepaka chokaa darasa lake lote. Leo amemsimamisha mfugaji aliyeshuka kutoka juu na samli, akamuuliza watu wa kule wanasalimianaje, na ng'ombe wanaitwaje. Masikini ya Mungu. Anajifunza adhabu yake kwa moyo. Nilikaribia kumwonea huruma, nikajizuia.

Nimeshona kifungo. Jedwali la tisa linakwenda vizuri.

Ijumaa, 18 Mei

Siwezi kula kwa wasiwasi. Nilikula samaki wawili na ugali.

Jumamosi, 19 Mei

Naandika yote kama yalivyotokea. Mungu ni shahidi.

Lori la Padri lilifika kutoka Uvira, vumbi mpaka nyusi. Nyota ipo! Ya kijani, kwenye koti, kama nilivyosema. Placide alitangulia, akainama mpaka nikasikia mgongo wake, akasema polepole: "Naŭcent."

Padri alisimama. Akamtazama. Akauliza kwa Kifaransa, mia tisa ya nini? Placide akadhani hakusikika, akainama zaidi, akarudia kwa sauti kubwa. Hapo Padri akang'aa uso wote, akasema kwa Kiesperanto maneno mengi, marefu, matamu, huku akitazama huku na huku kumtafuta mwenye lugha. Placide akanionyesha mimi. Msaliti!

Padri akanishika mikono miwili, akaniuliza swali. Sikuelewa hata silabi. Lilikuwa swali la kurasa zilizoliwa. Nikajibu, "Dek du." Kumi na mbili. Akauliza lingine. Nikaona jibu fupi halitoshi, nikasema, "Dek du plus dek du estas dudek kvar." Ambayo ni kweli, mtu asinikatalie.

Basi nikatoa kijitabu nikamwonyesha kazi ya mchwa. Alikipindua, akachungulia kwenye tundu, akaniona upande wa pili. Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Akasema kwa Kiswahili tumwonyeshe kilichobaki.

Tukamwonyesha! Darasa likasimama. Bega, bega. "Sep oble ok estas kvindek ses!" Paa! "Kaj unu!"

Padri akainua kidole. Akataka turudie. Tukarudia. Akasema saba mara nane, kwa lugha yoyote ya dunia hii, ni hamsini na sita. Hii moja ya juu imetoka wapi?

 Ile nyongeza! Siku zote hizo sikuiona kuwa ni kosa. Nikataka kueleza, lakini darasa zima lilikuwa limeshajibu kwa pamoja, likimshangaa mtu mzima asiyejua: "Ni matabishi, mon Père!"

Alikaa kwenye dawati. Alilia machozi ya kicheko akayafuta kwa kona ya kanzu. Kisha akasimama, akachukua chaki, akawafundisha vizuri kwamba samaki wa nyongeza anabaki sokoni na haingii ubaoni. Nikajua nimekwisha. Mwalimu anayefundisha kwamba saba mara nane ni hamsini na saba! Nikaanza kuona ukungu wa Minembwe.

Akatuita mimi na Placide nje. Akasema shule ya Minembwe ni kazi nzito na ya heshima. Anayekwenda atakuwa mkuu wa shule. Kule watoto hawajawahi kuona darasa, kwa hiyo anatafuta mtu anayeweza kuwafanya watake kuingia. Na leo ameona watoto wakipiga hesabu wakicheza. Akaniwekea mkono begani. "Raphaël, wewe utapanda. Hongera sana."

Hongera!

Kwa hiyo kupelekwa juu ilikuwa ndiyo zawadi. Kama ningekaa kimya, nikapiga hesabu kwa sauti ya mazishi, sasa hivi ningekuwa mwalimu wa Baraka, ninakula mikebuka. Nilimwambia Padri haraka kwamba mimi ni mvivu. Nikasema nachelewa, nasahau, na kwamba Placide ananizidi katika kila jambo, hata kwa tabia. Padri alinitazama kwa macho laini. Akasema unyenyekevu huo ndio unaothibitisha kwamba hakukosea.

 Jioni Placide alikuja kwangu amebeba lile koti na blanketi lake. Akakaa kwenye kigoda changu, akasema alitaka sana kwenda. Amekuwa chini ya wengine tangu alipoanza kazi, na alitaka mara moja tu awe mkuu wa kitu, hata cha baridi.  Kumbe yeye alikuwa anapigania kupanda na mimi napigania kubaki, na tukagombana wiki mbili kwa ukuta wa matete! Akanivika koti mwenyewe, akanifunga vifungo vyote. Linanuka kafuri na pilau. Mikono ni mirefu mno, kweli.

Alipokuwa mlangoni aliuliza "Naŭcent" maana yake ni nini hasa. Nikamwambia ni "karibu kwa moyo wote." Alifurahi.

Jumapili, 20 Mei. Pentekoste

Mzee Alphonse amesikia. Nilimkuta anaziba mtumbwi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu kwamba nilijua alichosema, naye anajua alichosema. Akanipa mkono kama mtu anayeaga msafiri. Godelieve hakuwepo. Nilipita sokoni na mahali pake palikuwa patupu, ubao umeoshwa, umeegemezwa ukutani.

Nilitembea ukingoni mwa ziwa. Nilisema peke yangu kila nambari ninayoijua. Hakuna iliyosaidia. Nampenda mtu huyu, na nimempoteza kwa kufundisha vizuri.

Ndipo wazo likaja. Mgonjwa hapandishwi mlima! Nikarudi, nikajifunika lile koti na lile blanketi, nikaweka jiwe la moto kwapani, nikatuma habari kwamba nina homa kali. Padri bado yuko misheni mpaka kesho, ataona mwenyewe.

Aliona. Alikuja na mfuko wa dawa. Alinishika paji la uso, akashtuka, na kabla sijafungua mdomo alikuwa amenigeuza na sindano imeingia. Nyama yote ya upande wa kushoto imekufa ganzi. Akasema kwa furaha kwamba hali ya hewa ya Minembwe inaponya homa vizuri sana, na kwamba hii ni sababu nyingine ya kuniharakisha.

Nimelala kifudifudi. Ndivyo ninavyoandika haya.

Jumatatu, 21 Mei

Asubuhi nikasikia hodi. Nilitoka nikichechemea. Godelieve amesimama nje ya uzio, na nyuma yake mzee Alphonse amebeba tezo, msumeno na sanduku lake la vifaa. Nilidhani amekuja kunikata.

Godelieve alisema yote bila kuyumba, mikono imetulia, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kulipokucha alikwenda misheni. Lori la Padri lilikuwa linawashwa kwenda Fizi. Akasimama mbele yake, barabarani kabisa, mpaka dereva akazima. Akamuuliza Padri, "Viti ya batoto kule juu, nani atatengeneza?"

 Padri alifikiria mwalimu, alifikiria chaki, alifikiria kengele. Madawati hakuyafikiria. Basi Godelieve akamwambia baba yake ni fundi, na kwamba baba yake haendi mahali bila yeye, na yeye haendi mahali bila baba yake. Padri akashuka, akaenda kutazama mtumbwi ulio kwenye magogo, akauliza kama unavuja. Mzee Alphonse akajibu kwamba mitumbwi yote inavuja kidogo, anayesema wake hauvuji ni mwongo. Padri akamwandika kazi palepale. Fundi wa shule ya Minembwe, nyumba yake jirani na ya mwalimu.

Nilimwuliza mzee kama kweli anaweza kuliacha ziwa.  "Nimechoka kutengeneza vitu yenye kuingizaka mayi," akasema. "Kiti hakizami." Kisha akageuka akaanza kuukagua uzio wangu, polepole sana, kutoka mwisho mpaka mwisho, akitugeuzia mgongo.

Godelieve akaniita Raphaël. Hajawahi. Siku zote ni Mwalimu. Akasema, "Raphaël, we unapitaka mbali sana. Mi nilikuwa nangoja useme tu. Kwa Kiswahili. Tangu zamani ningekubali."

Tangu zamani! Kabla ya nyota, kabla ya kijitabu, kabla ya samaki wote wale! Nililia hadharani, mbele ya mkwe, nimevaa koti la sufu na nguo ya kulalia. Nikamwambia nakupenda. Neno moja, Kiswahili, na lilichukua muda mfupi kuliko jedwali lolote. Akacheka, akalia, akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake kinachonuka samaki. Mzee Alphonse akasema kutoka kule mwisho kwamba uzio huu ulijengwa na mtu asiyeona.

Ndoa itatangazwa kanisani Jumapili. Tutapanda wote watatu baada ya harusi.

Alhamisi, 24 Mei

Nimetafakari sana wiki hii, kwa kuwa bado siwezi kukaa. Na nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa ili nisisahau: SEMA WAZI. UKITAKA KITU, KIOMBE. Bwana Nasoro aliniambia tangu siku ya Idi, na Godelieve amenionyesha. Mimi sasa ni mtu mwingine.

Leo Placide alikuja kuniletea vitabu vya safari. Amekuwa ndugu kabisa. Katika kimoja amesoma kwamba Kiesperanto si lugha pekee iliyotungwa. Kuna nyingine iliyotungwa kwa noti za muziki tupu, do, re, mi! Unaweza kuiimba, kuipiga kinanda, hata kuipiga kwa mbinja, yaani mluzi wa mdomo.

Mbinja! Na Minembwe wafugaji wanaita ng'ombe kwa mbinja, mfugaji wa samli alimwambia Placide mwenyewe. Mtu akisimama kilima hiki anasikika kilima kile. Naona yote mbele yangu. Nitafundisha sehemu kwa mbinja. Nusu, theluthi, robo, kutoka kilima hadi kilima, na ng'ombe wakiitikia. Habari itafika Uvira. Padri Mkaguzi atashangaa, Askofu atashangaa, na mtu wa namna hiyo hawawezi kumwacha kule juu kwenye baridi. Watanirudisha Baraka niwe mkuu wa shule, na mke wangu, na mkwe wangu, na mikebuka.

Je, nimwombe Padri moja kwa moja anirudishe baada ya mwaka? Hapana. Hayo ni mambo ya utawala. Yanazungukwa.

Godelieve sijamwambia. Nitamwambia tukishapita Fizi, mahali ambapo hakuna lori la kurudi. Jioni hii nilijificha nyuma ya nyumba nikajaribu theluthi mbili. Mbuzi wote wa Bwana Nasoro walikuja wakanizunguka, dalili nzuri sana. Godelieve naye akachungulia juu ya uzio akaniuliza hiyo sauti ni ya nini.

Nimemwambia ni mabaki ya homa.